Basil D'Oliveira na Neno "Vigezo"

Kila nisikiapo kamati ikisema "tumezingatia vigezo tu", humkumbuka Basil D'Oliveira.

Alizaliwa Cape Town, na sheria za Afrika Kusini zikamweka katika kundi la machotara. Katika kriketi alikuwa mchezaji kamili: hodari wa kupiga, hodari pia wa kurusha mpira. Mwaka 1958 aliiongoza timu ya wasio Wazungu katika ziara ya huku kwetu Afrika Mashariki, kwa kuwa timu ya taifa lake ilikuwa ya Wazungu peke yao. Mwaka 1960 akahamia Uingereza, na mwaka 1966, akiwa amevuka miaka 30, akaanza kuichezea nchi hiyo.

Agosti 1968, katika uwanja wa Oval jijini London, alifunga mikimbio 158 dhidi ya Australia. Siku chache baadaye ikatangazwa timu ya kuzuru Afrika Kusini; jina lake halikuwamo. Wateuzi walieleza kuwa walitazama kriketi tu. Baadaye ilibainika kwamba viongozi wachache wa klabu ya MCC, iliyosimamia ziara, walikuwa wamedokezwa mapema mwaka huo kuwa timu isingepokewa ikiwa naye.

Umma ulipiga kelele. Tom Cartwright alipojitoa kwa kuumia, D'Oliveira akaitwa. Waziri Mkuu John Vorster akaikataa timu hiyo, akidai ni ya wapinga ubaguzi, na ziara ikafutwa. Kuanzia 1970 Afrika Kusini ilitengwa na kriketi ya kimataifa hadi 1991.

Vorster hanisumbui sana. Yeye alisema wazi alichokusudia. Wanaonisumbua ni wale waungwana waliokaa mezani, wakamwacha mtu nje, kisha wakaliita jambo hilo utaalamu.

Nami nimeketi meza kama ile. Miaka kadhaa iliyopita, katika jopo la ajira, tulikuwa na mwombaji aliyewazidi wenzake kwa machapisho na kwa ufundishaji. Alikuwa pia ameandika makala zilizowakera wakubwa. Hakuna aliyezitaja. Tulitafuta kigezo cha kumwacha, tukakipata, nikatia saini. Hakuna aliyeniagiza, na hapo ndipo ilipo aibu yangu.

D'Oliveira naye aliwekewa kishawishi. Kabla ya uteuzi aliahidiwa kazi ya ukocha yenye malipo mazuri nchini Afrika Kusini, mradi tu ajiondoe mwenyewe. Hakuwa mwanaharakati wa majukwaani. Alikuwa mtu mpole mwenye familia ya kulisha. Alikataa, akaendelea kudai nafasi yake kwa kucheza.

Ndugu mtumishi wa umma, siku utakapoona uamuzi umetangulia na kigezo kinatafutwa nyuma yake, usinyamaze. Omba hoja yako iandikwe katika muhtasari wa kikao. Huenda ukashindwa kwa kura, lakini atakayeufungua muhtasari huo baadaye atajua kwamba mezani palikuwa na mtu aliyeona.