Hilo Jino Si Litang'oka Tu?



Leo mnivumilie, nataka tuongee juu ya meno ya watoto. Kuna maneno ambayo nimeyasikia nikitembelea nyumba za waumini, nikiwa kwenye matatu, hata hapa ofisini kwangu: "Hilo ni jino la utoto, si litang'oka tu?" Mtu akishasema hivyo, mazungumzo yameisha. Leo naomba tuyafungue tena.

Ni kweli litang'oka. Swali ni lini. Mtoto huota meno 20 ya utoto, kuanzia karibu miezi 6 hadi karibu miaka 3. Ya mbele huanza kung'oka akiwa na miaka 6 au 7, na hayo ndiyo tunayoyaona: mtoto anacheka na pengo, tunampiga picha. Sisi tulipokuwa wadogo tulilirusha juu ya mabati tukaomba jipya. Lakini magego ya utoto, yale ya nyuma, hukaa mpaka miaka 10, 11, hata 12. Kwa hiyo gego likioza mtoto akiwa na miaka 4, na wewe unamwambia asubiri ling'oke lenyewe, umemwambia asubiri miaka 6 au zaidi. Nawajua wazee wetu wa kanisa. Hakuna hata mmoja anayeweza kukaa na jino bovu wiki mbili.

Mwaka jana, Jumapili moja, mama mmoja alibaki nyuma baada ya ibada na kijana wake wa miaka 5. Shavu lilikuwa limevimba mpaka jicho linafungika, na mwili una joto. "Pasta, tuombee, hajalala siku tatu." Tukaomba. Tulipomaliza nikamwambia, mama, gari liko nje, twende. Akasita kidogo, kwa sababu nyumbani walikuwa wamemwambia jino la utoto halipelekwi hospitali. Tukaenda hivyo hivyo. Yule kijana alilazwa, akapewa dawa kwa mshipa, na jino likatolewa. Daktari alitueleza taratibu, bila kumgombeza mama, na nilimheshimu sana kwa hilo. Alisema usaha wa jino haukai kwenye jino. Unaweza kushuka chini ya ulimi na shingoni ukaziba njia ya pumzi. Akasema pia kwamba jino la ukubwani linaumbika chini ya mizizi ya lile la utoto, kwa hiyo uozo wa juu unaweza kuliharibu la chini kabla halijatoka. Na gego likitolewa mapema, majirani zake huegemea kwenye ile nafasi, halafu jino jipya likija halina pa kukaa.

Mtu akiniuliza kama kwenda hospitali ni kukosa imani, mimi humuuliza Luka alikuwa na kazi gani.

Njiani siku ile nilimuuliza yule mama ilianza lini. Akafikiri. Akasema kijana alikuwa ameacha kumaliza githeri tangu shule zifunguliwe, anachagua maharagwe anaacha mahindi. Alikuwa anatafuna upande mmoja. Mwalimu alikuwa amelalamika kwamba anasinzia darasani. Wapendwa, hapo ndipo nataka tukae kidogo. Mtoto mdogo mara nyingi hasemi "jino linaniuma." Anakataa mahindi. Analia ukimpa maji baridi. Anaamka usiku, nasi tunasema ni ndoto mbaya au ni ukaidi. Mvue kofia ya ukaidi kwanza, umfungulie mdomo kwenye mwanga wa dirisha. Inua mdomo wa juu uangalie karibu na ufizi. Ukiona mstari mweupe kama chokaa, uozo umeanza, na wakati huo bado unaweza kuzuiwa. Ukiona kahawia na tundu, umechelewa kiasi, lakini hujachelewa kabisa. Ukiona kijipu kwenye ufizi, hiyo si ya kungoja mwisho wa mwezi.

Lakini wakati mzuri wa kwenda ni kabla ya hayo yote. Madaktari wa meno wanashauri mtoto aonwe mara ya kwanza kabla hajatimiza mwaka 1. Najua mnacheka, atatazamwa nini na ana meno manne? Wetu wa mwisho tulimpeleka akiwa mdogo hivyo. Alikaa magotini kwa mama yake, daktari akahesabu meno, akampa kioo kidogo akichezee, tukaongea habari za chupa na mswaki, ikaisha. Leo akisikia daktari wa meno anauliza kama kile kioo bado kipo. Mimi nilikua nikijua daktari wa meno ni mtu wa koleo, na wengi wenu pia. Woga huo tuliurithi, si lazima tuurithishe.

Daktari wa meno wa kawaida katika hospitali ya kaunti anaweza kumhudumia mtoto kwa mambo mengi. Yule aliyesomea meno ya watoto hasa ndiye wa kuulizia ikiwa mtoto ni mdogo sana na meno mengi yameoza, au anaogopa kiasi cha kutofungua mdomo, au ana usonji, mtindio wa ubongo au ulemavu mwingine, au itabidi alazwe usingizi ili atibiwe. Mwenye mtoto wa ugonjwa wa moyo, usifiche jambo hilo. Vijidudu vya mdomoni vinaweza kufika moyoni kupitia damu, kwa hiyo mwambie daktari kabla hajagusa kitu.

Nyumbani ni mswaki mara mbili kwa siku, na dawa ya meno yenye floraidi. Chini ya miaka 3, kiasi cha punje ya mchele. Kuanzia 3 hadi 6, punje ya minji. Wewe mzazi ndiye unayepiga mswaki mpaka afike kama miaka 7, maana mkono wake bado haujui kazi. Na ile chupa ya chai ya maziwa yenye sukari anayolala nayo mdomoni, hiyo, akina mama na akina baba, iondoeni usiku wa leo. Sande skuli nasi tumeacha kutoa pipi kwa kukariri mistari. Watoto walinung'unika, walimu wakanung'unika zaidi.

Jambo lingine nilisemalo kwa uzito. Kuna jamii, na baadhi yenu mnatoka huko, ambako mtoto mchanga akiharisha na kupata homa, mtu huitwa achimbe ufizi atoe "meno ya nailoni," wengine huita "meno ya plastiki." Hakuna meno ya namna hiyo. Kile cheupe kinachotolewa ni chipukizi la jino lake halisi. Kuharisha hakukutoka hapo, na watoto wamekufa kwa damu na kwa pepopunda baada ya kuchimbwa hivyo. Mtoto anayeharisha anahitaji maji ya chumvi na sukari ya pakiti, na kliniki. Ukishinikizwa na nyumbani, nipigie, nitaongea na wazee mimi mwenyewe.

Na kama unasoma hapa usiku huu na mtoto wako ana uvimbe usoni au chini ya taya pamoja na homa, au hawezi kumeza, au mdomo haufunguki, au anapumua kwa shida, usimwekee aspirini kwenye ufizi, itamuunguza. Usingoje asubuhi. Weka simu chini umpeleke hospitali sasa hivi, tutaendelea kuomba mkiwa njiani.