Leso Juu ya Flashi

Tulipokuwa vijana wa kanisa hapa Mwanza, kabla ya simu zenye kamera, tulichanga tukanunua kamera moja ya mkanda, ya mtumba. Siku ya kipaimara tuliwapeleka watoto ufukweni, karibu na Jiwe la Bismarck, jua likizama ng'ambo ya ziwa. Bibi mmoja alisimama na mjukuu aliyemlea peke yake. Tukapiga kwa flashi.

Picha ziliposafishwa, ziwa lilikuwa jeusi tii na uso wa bibi mweupe kama karatasi. Tulicheka, Bwana atusamehe. Mwaka haukuisha, bibi akafariki, na mjukuu akaja kutuomba picha ya kuweka juu ya jeneza. Hatukuwa na nyingine. Waombolezaji walimtambua kwa kanga.

Ndipo tulipomwendea fundi picha mmoja mzee. Flashi, alisema, huwaka na kuzima kufumba na kufumbua. Nguvu yake mnaipunguza kwa tundu la lenzi au kwa kusogea nyuma. Mwanga wa ziwa ni mpole, unahitaji muda. Shata ikifunguka kwa sehemu ya 60 ya sekunde jioni, ziwa halijafika kwenye mkanda. Wekeni 15, kamera ikae juu ya jiwe isitikisike, na flashi mwifunike kwa leso nyeupe. Iondoe kivuli usoni tu.

Baadhi yetu tulikwenda chuo cha theolojia, tukarudi na flashi nyingine. Tuliingia msibani tukaanza ufufuo kabla hata ya kuvua viatu. Neno lilikuwa la kweli, na taa haiwekwi chini ya pishi, hilo hatulikani. Lakini mle ndani kulikuwa na mwanga tayari, nasi tukaupiga giza: imani ya mjane aliyekesha akiomba, ambayo hatukuiuliza.

Majuzi, Kirumba, tulifika kwa mama aliyezikwa mwanawe mvuvi. Tuliketi mkekani. Muda mrefu hakuna aliyesema, na mzee wa kanisa alikuwa akitutazama, pengine akidhani mchungaji amesahau ibada. Kisha mama akaanzisha wimbo mwenyewe, sauti imekauka. Tulimwacha amalize ubeti wa kwanza peke yake, wa pili tukampokea. Ndipo tukafungua Biblia.