Kamwone Jirani Yako Mapema

Mpwa wangu,

Dada yangu, mama yako, amenipigia simu juu ya jambo lako na jirani, nikaona nikuandikie, maana mengine kwenye simu huishia hewani.

Jirani analaza kirikuu chake kwenye njia yako ya kuingilia. Ng'ombe wakirudi malishoni inabidi wapite mmoja mmoja wakijibana kati ya gari na minyaa, na mkokoteni wenye pamba umelala nje ya mji mara kadhaa. Umekasirika, na una haki ya kukasirika. Njia ile aliifungua marehemu baba yako, minyaa ya pande zote mbili aliipanda yeye, na wazee wa Zagayu wanalijua hilo.

Lakini unasema umenyamaza tangu mvua za vuli, ukingoja aone aibu mwenyewe. Hapo sikubaliani nawe. Mtu anayeegesha kwako, kisha asubuhi mkasalimiana vizuri, anajua umeridhia. Watoto wake wanakua wakiliona gari la baba yao pale, na kesho watasema pale ni pao. Nimekaa kwenye usuluhishi wa mipaka, mwanangu. Kesi zilizotusumbua kuliko zote ni zile ambazo mwenye eneo alinyamaza mpaka mashahidi wakazikwa.

Jiulize pia kwa nini haegeshi kwake. Uwanja wake uko kwenye udongo mweusi wa mbuga. Mvua ikinyesha, gari likiingia pale halitoki bila kusukumwa, ilhali njia yako ina changarawe aliyomwaga baba yako. Kwa hiyo usimwambie "ondoa gari" ukaishia hapo. Mwambie aagize lori la changarawe, nawe utashika koleo siku hiyo ya kumwaga.

Nenda alfajiri, kabla hajawasha gari, wewe peke yako. Mwamkie, "Mwangaluka," maana amekuzidi umri. Kaa kwenye kigoda akupe habari za nyumbani, kisha sema waziwazi: njia hii ni ya mji wangu, mifugo na mgonjwa hupita hapa, naomba gari lisilale tena. Mkipatana alilaze mpaka mvua ziishe, sawa, ila mwandikiane, na mwenyekiti wa kitongoji aweke sahihi kama shahidi. Hela ya maegesho usipokee hata akikubembeleza. Ukishapokea, siku ukimtaka aondoke atakuambia amelipia.

Usitoboe tairi, wala usimzibie gari kwa magogo. Ukifanya hivyo wewe ndiye utakayeitwa polisi, na suala la njia litasahaulika. Vijana wa sungusungu nao waache. Jeshi hilo lilizaliwa huku kwetu Usukuma na Unyamwezi miaka ya 1980 kupambana na wezi wa ng'ombe. Jirani yako si mwizi.

Akikataa, lipeleke kwenye Baraza la Ardhi la Kijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inalitaka liwe na wajumbe saba, watatu kati yao wanawake, na kazi yake ni kuwapatanisha. Nenda na wazee wanaoijua njia ile, na kama mji una hati ya hakimiliki ya kimila, ibebe. Kama huna, anza kuifuatilia wiki hii kwa mtendaji wa kijiji, gari liondoke lisiondoke. Likishindikana hapo kuna Baraza la Kata, nalo tangu marekebisho ya 2021 halitoi hukumu ya ardhi, linasuluhisha tu, na lina siku 30 za kufanya hivyo. Baada ya hapo ni wilayani: nauli, siku za shamba zinazopotea, na majirani wawili wanaopanda gari moja bila kusemeshana. Sikutakii huko, ingawa ukilazimika, nenda bila woga.

Mama yako anasema mke wa huyo bwana ndiye aliyekaa na mkeo usiku ule wa kujifungua. Kwa ajili ya mama huyo nakuomba usipaze sauti. Na kwa ajili ya baba yako nakuomba usinyamaze tena.

Nenda wiki hii, kisha unijulishe alichosema.

Mjomba wako