Mwalimu wa Kigango

Padri tulimwona mara moja kwa mwezi, na masika ikiwa kali hata hiyo mara moja haikuwa na hakika. Jumapili nyingine zote kanisa letu lilikuwa mikononi mwa mtu mwenye koti la kaki lililopauka, ambaye kila mmoja, mtoto kwa mzee, alimwita Mwalimu. Hakuwa na darasa wala chaki. Alikuwa katekista wa kigango. Vijana wa parokia wameniomba niandike ninayoyakumbuka ya kanisa letu katika miaka ya 60 na 70, nami sioni pa kuanzia isipokuwa kwake.

Kijiji chetu kiko Vunjo, kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Imani ilitufikia kupitia Kilema, misheni iliyofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1890 na Mapadri wa Roho Mtakatifu, ambao tangu 1868 walikuwa na makao Bagamoyo. Kiswahili cha pwani walikuja nacho. Ndiyo maana bibi zetu, waliozungumza Kichaga tu shambani na sokoni, wakishika rozari walisali kwa Kiswahili. Ng'ambo ya korongo walianza Walutheri, na mpaka ule ulikuwa na uzito ambao kijana wa leo hawezi kuuamini. Binti akiolewa ng'ambo, wako wazazi ambao hawakukanyaga harusini.

Kengele yetu ilikuwa rimu ya lori iliyotundikwa kwenye mti. Mwalimu aliigonga alfajiri kwa sala ya Malaika wa Bwana, akaigonga tena alasiri kutuita kwenye mafundisho. Tulikwenda na majani ya ng'ombe wake, au kuni, au mkungu mdogo wa ndizi, maana posho aliyopewa haikutosha sukari na mafuta ya taa. Katekismu tuliishika kwa swali na jibu, na aliyekwama aliketi pembeni hadi akumbuke. Lakini jioni ungemkuta Mwalimu nyumbani kwa huyo aliyekwama, ameketi na mama yake jikoni, anamfundisha mama ili mama amfundishe mtoto. Wanawake wengi wa kijiji chetu walijifunza kusoma kwa njia hiyo, wakifuata kidole cha Mwalimu kwenye mistari ya katekismu ya watoto wao. Hakuna aliyewapa cheti.

Usiku ndipo kazi yake ilipokuwa nzito zaidi. Mtoto mchanga akizidiwa, padri alikuwa mbali, hospitali mbali zaidi, na mtu alitumwa mbio kwa Mwalimu. Alikuja na taa ya chemli na chupa ya maji. Mdogo wangu alibatizwa hivyo, wakati wa surua, mikononi mwa mama, sisi watoto tumejibanza ukutani. Mwalimu alimwaga maji mara tatu, akataja Utatu, akatulia kidogo, kisha akamwambia mama, "Sasa tumpashe moto, mama. Ana jina, na ataishi nalo." Aliishi, na leo ana wajukuu. Wapo wengi ambao hawakuishi, na hao Mwalimu aliwazika mwenyewe. Majina yao aliyaandika katika daftari la shule lenye mistari, akisubiri padri aje ayahamishie kwenye kitabu cha parokia.

Misa ya Kilatini niliijibu kwa ufasaha kabla sijaelewa chochote ndani yake. Mwalimu alitukaririsha sisi watumikiaji majibu yote. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipotoa hati yake ya liturujia mwezi Desemba 1963, kijijini hatukusikia kitu. Tulichoona, katikati ya miaka hiyo ya 60, ni altare kusogezwa mbele na padri kutugeukia akisali kwa Kiswahili. Wazee kadhaa walihuzunika kweli. Kilatini kilikuwa kimewapa hofu ya Mungu, na sasa waliona mambo yamekuwa mepesi mno. Mimi nakumbuka zaidi akina mama. Kwa mara ya kwanza waliisikia sala ya mageuzo neno kwa neno, na baadhi yao walitoka nje macho yamelowa.

Ngoma ilipotaka kuingia kanisani, mzee mmoja alisimama mlangoni. "Mwalimu, ngoma ni ya pombe. Unataka watoto wetu wacheze humu ndani?"

"Wacheze, baba," Mwalimu akamjibu. "Daudi alicheza mbele ya Sanduku la Agano, naye alikuwa mfalme."

Mzee hakuridhika, lakini hakuondoka. Ngoma iliingia.

Kanisa la mawe tulilijenga kwa msaragambo. Wanaume walivunja mawe korongoni. Wanawake walibeba mchanga kichwani kutoka mtoni, na yeyote anayeujua mteremko ule anajua maana yake. Wengi walifanya hivyo baada ya kukata majani na kukama, kabla ya kuteremka kwenye shamba la mahindi la bondeni. Saruji na mabati vilitokana na kahawa. Malipo ya msimu yalipotoka KNCU, chama chetu kikuu cha ushirika, kila kaya ilitenga fungu lake, na zaka ikaandikwa kwenye kadi.

Ile kadi ilikuja kuwa mwiba. Ugonjwa wa chulebuni uliharibu kahawa yetu, bei haikutabirika, na mwaka 1976 serikali ikavunja vyama vikuu vya ushirika, KNCU ya tangu 1933 ikiwemo. Fedha ikawa adimu majumbani. Katika miaka hiyo alifariki jirani yetu mmoja, mtu wa vichaka vichache vya kahawa, ambaye kadi yake ilikuwa tupu muda mrefu. Wazee wa kigango walikutana uwanjani wakasema asigongewe kengele. Walitaka iwe fundisho kwa wengine. Mwalimu aliwasikiliza hadi mwisho. Akawaambia, "Huyu alibeba mawe ya ukuta huu." Akaenda kwenye rimu, akaigonga. Tulikwenda sote kihambani kwa marehemu, na wazee wale nao walikuja, wakatupa udongo. Nimesoma vitabu vingi vya dini tangu siku ile. Sijapata ndani yake fundisho la huruma lililo wazi kuliko lile.

Shule ya misheni ilikuwa imekwisha kuwa ya serikali kwa sheria ya elimu ya 1969, na dini ikabaki na kipindi chake tu. Mwaka ule ule wa 1976 maaskofu wa Afrika Mashariki waliamua kuzipa uzito wa kwanza Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo. Wapo waliodhani katekista angeona wivu, maana sasa sala na masomo yalihamia nyumbani kwa watu na kuongozwa na majirani. Yeye alizunguka nyumba kwa nyumba akihimiza. Viongozi wa kwanza katika mtaa wetu walikuwa wanawake, wale wale waliofuata kidole chake jikoni.

Mwalimu alizeeka bila kiinua mgongo, maana posho haikuwa na kiinua mgongo. Alizikwa kihambani kwake, kama desturi. Kigango chetu sasa ni parokia kamili, chenye misa mbili kila Jumapili, na wiki ya Noeli uwanja unajaa magari kutoka Dar es Salaam na Arusha. Jiwe la msingi lina jina la askofu aliyelibariki, na ni haki yake. Jina la Mwalimu halimo. Wala la mama hata mmoja wa wale wa mchanga.

Nimepeleka barua kwa Halmashauri ya Walei kuomba ubao wa mbao ngumu ndani, karibu na kisima cha ubatizo, uandikwe majina yao yote, hata ya wale ambao kadi zao zilikuwa tupu. Mwenyekiti amekubali, mradi orodha ikamilike kabla ya Pasaka. Yangu haijakamilika. Mwenye bibi au babu aliyefanya kazi kwenye msaragambo ule na alete jina lake kwa katibu, pamoja na jina la ubatizo kama linajulikana. Kama halijulikani, daftari za Mwalimu zipo, mjukuu wake amezitunza, na nyingi bado zinasomeka.