«Na» moja haitoshi

Mwaka jana niliandika kazi yangu ya mwisho wa masomo juu ya maneno ya jikoni katika Kiswahili cha Lubumbashi. Mengi nilipewa na nkambo yangu, anayeishi katika komini ya Katuba. Nilikaa naye jioni nyingi, yeye akichambua mboga, mimi nikiandika kwenye daftari. Nilipofika maneno mia nne niliona uchungu kuyaacha yalale maktabani kati ya kazi nyingine zisizofunguliwa na mtu. Ndipo nikaamua kutengeneza ukurasa wa kamusi wa kufunguliwa kwenye simu: unaandika neno kwa Kifaransa, unachagua Kiswahili cha wapi, jibu linatokea.

Mimi si mwanafunzi wa informatika. Rafiki yangu mmoja wa kitivo hicho alinionyesha maktaba ya programu iitwayo RxJS, akaniachia kurasa chache za maelezo, akaenda zake. Wazo lenyewe si jipya. Mwaka 1997 Conal Elliott na Paul Hudak walikwisha andika juu ya picha zinazosogea, ambamo thamani inayobadilika kwa wakati inashikwa kama kitu kimoja. Baadaye Erik Meijer na wenzake wa Microsoft walitengeneza Reactive Extensions, na RxJS ni tawi lake kwa ajili ya JavaScript. Kila kinachotokea kwa nyakati mbalimbali huitwa mkondo. Herufi ninazoandika ni mkondo. Kubonyeza jina la lahaja ni mkondo. Majibu yanayotoka kwenye seva ni mkondo pia, na kwa intaneti ya kwetu ni mkondo unaotiririka ukijisikia.

Mkondo mmoja haunisumbui. Kazi inaanza mikondo inapokuwa miwili na unataka kitu kimoja kutoka kwayo. Katika daftari langu nilijaribu kuandika Kiswahili cha kila opereta ili nisisahau. Penye merge niliandika «na». Penye zip, «na». Penye combineLatest, «na» tena. Nikatazama ukurasa ule nikacheka peke yangu, maana mwaka mzima wa pili tulifundishwa kwamba kiunganishi hiki kinabeba mizigo mingi, nami sikuwa nimeamini.

Tuchukue watu wawili wanaozungumza. Katika merge, kila anayesema anasikika papo hapo, kwa zamu aliyofikia. Hakuna anayemngoja mwenzake. Ni «na» ya kelele za sokoni. Katika zip, neno la kwanza la huyu linafungwa na neno la kwanza la yule, la pili na la pili, moja kwa moja kama meno ya zipu yenyewe. Huyu akisema mara tatu na yule mara moja tu, maneno mawili yatakaa yakingoja mwenzi. Katika combineLatest, mmoja wao anaposema lolote, unachukua neno lake hilo na kuliweka pamoja na neno la mwisho la mwenzake, hata kama mwenzake alilisema asubuhi.

Mimi nilianza na zip, kwa sababu neno «jozi» lilinipendeza. Niliandika neno la kwanza, nikachagua lahaja, jibu likaja. Niliandika neno la pili: kimya. La tatu: kimya. Nilidhani megabaiti zimekwisha. Kumbe lahaja nilikuwa nimeichagua mara moja tu, na maneno yangu yalikuwa yamepanga mstari yakiingoja ichaguliwe tena.

Basi nikaweka combineLatest, nikaenda kuionyesha kwenye semina. Nikaandika neno mbele ya wenzangu. Ukurasa ukabaki mweupe. Nikaandika lingine. Mweupe. Asistanti, mtu mpole, akasema: «Kamusi yako imesusa.» Watu wakacheka, nami nikakaa chini. Nyumbani ndipo nilipofahamu: combineLatest haitoi kitu mpaka kila mkondo uwe umesema walau mara moja. Nyumbani, kwa mazoea, nilikuwa nachagua lahaja kwanza kabla ya kuandika. Pale semina, kwa hofu, nilianza kuandika tu, na mkondo wa lahaja haukuwa umefungua kinywa.

Hapa Kiswahili kilinisaidia kuliko maelezo niliyopewa. Sisi tunatenganisha «hasemi» na «hajasema». Programu yangu haikuweza kutenganisha: ilikuwa inamngoja mtu ambaye pengine asingesema kamwe, ikidhani kwamba hajasema tu. Dawa ni kuupa mkondo neno la kuanzia kabla mtumiaji hajagusa kitu, kazi ya opereta startWith. Nikaweka Kiswahili Sanifu kuwa cha kuanzia, na hapo, bila kujua, nilitega mtego wa pili.

Jumapili moja nilimpelekea nkambo simu. Niliandika kwa Kifaransa majani ya muhogo. Kwa kuwa Sanifu ndiyo ilikuwa ya kuanzia, likatokea neno kisamvu, kama wanavyosema Tanzania. Nikabonyeza Lubumbashi. Juu ya ukurasa jina likageuka mara moja: Kiswahili cha Lubumbashi. Chini yake likabaki: kisamvu. Na chini zaidi, kwa herufi ndogo, kwa kuwa niliona ni heshima, jina la aliyenipa maneno ya Lubumbashi: jina lake yeye.

Mjukuu wake mdogo akamsomea. Nkambo akaniangalia.

«Kisamvu njo nini? Miye nasemaka sombe.»

Nikamwambia angoje kidogo, litabadilika. Likabadilika kweli, baada ya muda wa kuhesabu mpaka kumi na zaidi, maana mtandao ulikuwa mzito siku ile. Lakini alikuwa amekwisha geukia sufuria yake. Alisema tu kwamba watu wa shule wanapenda kuandika maneno yao mdomoni mwa wengine. Sikuwa na jibu. Tumesoma miaka yote juu ya watafiti waliorekodi watu wa jiji hili kisha wakasahihisha Kiswahili chao, nami nilikuwa nimetengeneza mashine ya kufanya hivyo hivyo.

Usiku ule nilichora mikondo yangu kwa kalamu. Kosa lilionekana kwa macho. Kubonyeza kumoja kulikuwa kunagawanyika njia mbili: njia fupi ilipeleka jina la lahaja juu ya ukurasa, njia ndefu ilikwenda seva na kurudi na jibu. Kisha mimi nilizikutanisha tena kwa combineLatest, ambayo haina subira. Jina jipya lilipofika, ilichukua jibu la mwisho lililopo, la zamani, ikaviunganisha kama ndugu. Wenye kazi hii wanalijua kosa hilo vizuri. Mara nyingi linadumu kwa nukta ya jicho, na hakuna anayeliona. Kwetu lilidumu vya kutosha mtu mzima kulisoma na kukasirika.

Nilichokosea ni sarufi. Nilikuwa nimeweka sentensi mbili huru bega kwa bega, wakati moja ilipaswa kuwa tegemezi. Jibu halipo pembeni ya lahaja. Jibu ni la lahaja ile iliyoombwa. Kwa hiyo nikaliondoa jina kwenye njia fupi. Sasa ombi linaondoka na jina la lahaja yake, na jibu linarudi likiwa limelibeba, kitu kimoja. Nikatumia pia switchMap: ombi jipya likitoka, jibu la ombi la zamani halisikilizwi tena, hata likifika kwa kuchelewa. Kati ya hapo, ukurasa unaandika «ninatafuta» na hauweki jina la mtu yeyote.

Nilirudi Katuba baada ya wiki mbili. Safari hii nkambo aliandika mwenyewe, kwa kidole kimoja, herufi moja moja. Hapo nikaona kwamba ukurasa unangoja milisekunde 300 tu baada ya herufi kabla ya kutuma ombi, muda wa mwanafunzi mwenye vidole vya haraka. Kwake yeye ulikuwa unatuma kila herufi na kula megabaiti zangu. Nimeuongeza hadi 800. Alibonyeza Lubumbashi. «Ninatafuta», tukangoja wote, kisha vikaja pamoja: Lubumbashi, sombe, jina lake.

Alisoma polepole, midomo ikisogea. Kisha akauliza: «Na lenga-lenga iko wapi?»

Haikuwemo. Nilitoa daftari.