Risasi iko kwenye tope, lakini nani ana ruhusa ya kuifungua?

Haya wasomaji, leo tuziache kidogo habari za programu tuteremke mtoni. Swali: kati ya tope lenye risasi nyingi na lenye risasi kidogo, lipi hatari zaidi? Usikimbilie kujibu.

Binamu yangu anasomea kemia, na aliniomba programu ya kupanga vipimo vya metali nzito kwenye mashapo, yaani tope linalotua chini ya mto. Kila sampuli ilikuwa na safu tano za risasi. Za nini zote? Akanieleza kwamba ni njia iliyochapishwa na Tessier na wenzake mwaka 1979. Tope huoshwa mara tano, kila mara kwa dawa kali zaidi. Inayotoka mwanzoni, kwa maji ya chumvi tu, imeshikwa kijuujuu. Mmea au mdudu huifyonza kwa urahisi. Inayotoka mwisho imefungwa ndani ya chembe za mawe, na si rahisi imdhuru mtu.

Wanaprogramu tunalijua jambo hili. Faili yaweza kukaa kwenye diski miaka kumi, lakini bila ruhusa huifungui. Jumla hukuambia faili ipo, haikuambii nani anaweza kuisoma. Kitufe cha kujumlisha nilikiondoa.

Tatizo ni kwamba ruhusa hubadilika. Tope jeusi la chini halina oksijeni, na humo salfaidi huishika risasi, kadimiamu na zinki barabara. Lichote ulimwage ukingoni: oksijeni huingia, salfaidi huvunjika, asidi hutokea, metali huanza kuachiliwa. Jumla ni ile ile, hatari siyo.

Hapa kwetu, Mto Nairobi unapita kando ya jaa la Dandora. Mwaka 2007 UNEP ilitoa utafiti uliopima watoto 328 wa eneo hilo. Nusu ya waliopimwa damu walikuwa na mikrogramu 10 au zaidi za risasi katika kila desilita ya damu. Sisemi yote ilitoka mtoni, maana kuna vumbi na moshi pia. Lakini kandokando ya mto huo watu hulima sukuma wiki, na maji yake huingia Athi, kisha Sabaki, hadi baharini karibu na Malindi.

Kwa hiyo siku utakapoona matingatinga yakizoa tope "kusafisha mto", uliza mambo mawili: limepimwa kwa safu ngapi, na linaenda kumwagwa shambani kwa nani?