Njia ya kushuka ziwani



Siku ya Posho iliyopita kikundi chetu kilishuka ziwani pamoja na watoto. Tulikuwa wamama 14 na watoto 23. Tulitoka Kadutu asubuhi, baada ya kufagia na kuteka maji, tukiwa na viazi vya kuchemsha, ndizi na bidoni moja ya maji ya kunywa.

Wazo lilitoka kwa mtoto mmoja wa darasa la 3. Mwalimu aliwaambia wachore Ziwa Kivu, naye akachora mstari mwembamba wa buluu nyuma ya mabati ya nyumba. Mama yake alimuuliza mbona ziwa ni dogo hivi. Akajibu: "Mama, si ndivyo linavyoonekana kwetu?" Tuliposikia hayo tulicheka, kisha tukanyamaza. Watoto wetu wanaliona ziwa kila siku kutoka juu ya mlima, lakini wengi hawajawahi kuligusa.

Bukavu imejengwa juu ya rasi tano zinazoingia majini kama vidole vya mkono. Mji wa namna hiyo una kando ndefu ya maji, na mtu angefikiri kwamba kufika ziwani ni jambo jepesi. Sivyo. Tulipofika Ibanda, avenyu ya kwanza iliishia kwenye mlango wa chuma. Ya pili iliishia kwenye ukuta wenye vipande vya chupa juu yake. Kwenye ya tatu sentinele alitusalimia kwa heshima, akasema: "Wamama, hapa ni kwa mtu. Mnisamehe." Hatukumkasirikia, maana yeye analinda kazi yake. Lakini mtoto mmoja aliuliza: "Na ziwa pia ni la mtu?"

Hapana, mwanangu. Sheria ya ardhi ya mwaka 1973 inasema kwamba sehemu ya chini ya kila ziwa ni mali ya umma. Hakuna anayeweza kununua ziwa. Lakini njia zote za kulifikia zikizibwa, ni kama limekwisha kuuzwa.

Hatimaye mama mmoja anayeuza sambaza alituonyesha kinjia kati ya nyua mbili, upana wake watu wawili wakipishana. Tulishuka tukishikana mikono, kwa sababu udongo ulikuwa unateleza. Chini kuna mawe makubwa, mti mmoja wa kivuli, na wamama waliokuwa wakifua nguo. Watoto walisimama kwanza, hawakuamini. Halafu wakavua viatu.

Tuliwaambia yale tunayoyajua. Ziwa hili liko karibu mita 1,460 juu ya bahari. Maji yake yanatokea hapa Bukavu kwa mto Ruzizi na kwenda mpaka Ziwa Tanganyika. Sambaza tunaowakaanga nyumbani walitoka huko Tanganyika, wakaletwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950. Tuliwaambia pia jambo la kuogopa: ziwa letu lina kina cha zaidi ya mita 450, na pahali pengi ukipiga hatua chache kutoka kando, chini hakuna tena. Kwa hiyo wamama wanne walisimama majini wakiwa wamefunga vitenge vizuri, na hakuna mtoto aliyewapita.

Lakini kati ya mawe yale tulikuta sashe, chupa za plastiki, ndala zilizokatika. Mtoto mmoja aliokota sashe ya sabuni, akasema ni kama ile ya kwetu. Ni kweli. Tunachotupa kwenye mitaro kule juu, mvua inakibeba hadi mto Kahwa, na Kahwa inakimwaga ziwani. Plastiki hizo zinafika hata kwenye bwawa la umeme la Ruzizi na kuziba mashine. Halafu umeme ukikatika, tunauliza ni nani amefanya hivyo.

Tulipokuwa tukila, mjadala ulizuka. Mama mmoja alisema tusizungumze juu ya kinjia kile, maana mkubwa fulani akikisikia atakinunua. Mwingine akajibu kwamba kitu kisicho na msemaji ndicho kinachouzwa haraka. Mmoja wa wafuaji, ambaye alikuwa anatusikiliza, akasema: "Mkipafanya mahali pa matembezi, sisi tutafukuzwa." Neno hilo lilituingia. Tulikaa naye, tukaongea mpaka jua likaanza kushuka.

Tulikubaliana hivi. Kinjia ni kwanza cha wale wanaoteka maji na kufua, sisi ni wageni wao. Tutakwenda pamoja nao kwa mkubwa wa kartie, tuombe kiandikwe kuwa njia ya watu wote, kisizibwe wala kisilipishwe. Siku ya Posho ya kwanza ya kila mwezi tutafanya salongo pale, tuondoe uchafu na kupanda majani ya kushika udongo. Na huku juu, kila nyumba ya mwanamemba itaweka mfuko wa plastiki kando, isitupe tena kwenye mtaro.

Tulipopanda mlima kurudi, watoto walichoka, wadogo tuliwabeba mgongoni. Jumatatu yule wa darasa la 3 alichora tena. Safari hii ziwa limejaa karatasi nzima, na kwenye kona kuna wamama wanne wenye vitenge, wamesimama majini.

Anayetaka kuja kwenye salongo alete kapu, panga dogo na mtoto wake. Tunaondoka saa 1 asubuhi.